Somo linaanza saa tatu usiku, simu ikisharudi nyumbani

Kuna mzazi alinitumia meseji juzi akiuliza amnunulie mwanae tableti au ile pesa aiongeze kwenye tuisheni, maana kasikia sa hivi masomo yote yako mtandaoni na anaogopa mtoto wake asije akaachwa nyuma. Nilimjibu kwa kifupi ila swali lenyewe halijanitoka, kwa sababu nalisikia kila sehemu, kwenye vikao vya wazazi, kwenye daladala, kwenye magrupu ya walimu, watu wanaongelea elimu mtandao kana kwamba ukishanunua kifaa basi mtoto anasoma. Mi nafundisha hesabu kwenye sekondari ya kata huku wilaya ya Muheza mkoani Tanga, mchana nafundisha darasani na usiku nafundisha kwa simu, kwahiyo acha niandike ninavyoliona hili jambo kutoka huku niliko.

Kwetu haya mambo yalishika kasi 2020. Machi 17 waziri mkuu Majaliwa akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine wote Juni 29. Ile miezi mitatu na kitu ndo ilionyesha nani ana nini. Kuna shule za private mjini watoto walikuwa wanaingia Zoom asubuhi, wanapewa kazi kwenye Google Classroom, wanasahihishiwa, wiki inaisha mtoto anajua kapata ngapi. Kulikuwa na vipindi vya redioni na kwenye TV, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni ambayo vitabu vya kiada unavisoma bure, mwalimu ambaye hajawahi kuingia humo naomba aingie leo hii. Lakini huku kwetu watoto wengi walikuwa shambani na wazazi wao, machungwa yalikuwa yanakaribia kuvunwa, na mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu ya kitochi moja tu, ile ya batani isiyo na intaneti, hiyo maktaba hata uiweke bure mara mbili hawezi kuifungua. Na hatukuwa peke yetu. Mwisho wa mwaka ule ule UNICEF na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walitoa hesabu kwamba watoto na vijana bilioni 1.3 duniani wa miaka 3 hadi 17 hawana intaneti nyumbani, yaani thuluthi mbili ya wote wa umri huo.

Sasa tangu hapo kilichokua huku kwetu kweli kweli sio mifumo wala maapu, ni grupu la WhatsApp. Kila somo lina grupu, kila darasa lina grupu, mzazi ambaye hajui hata kuweka picha ya profaili yumo kwenye grupu la fomu tuu kwa sababu namba iliyoungwa ni ya kwake na anayesoma ni mwanae. Na hapa ndo watu wa mjini wanaopanga haya mambo huwa hawapaoni, simu janja nyumbani ni moja, na mchana haipo. Baba anaendesha bodaboda, simu anayo yeye maana wateja wanampigia, au mama anauza genge na malipo yanaingia kwenye ile simu, kwahiyo ukituma kazi saa nne asubuhi unamtumia mtu aliyeko kijiweni. Somo langu mimi linaanza saa tatu usiku, simu ikisharudi nyumbani, watu wameshakula na vyombo vimeshaoshwa. Kabla ya hapo hamna anayejibu, na ukiona kimya usidhani watoto hawataki kusoma.

Nikupe mfano wa usiku mmoja. Fomu tuu wanajiandaa na mtihani wa taifa, ule wa Novemba, tuko kwenye kufaktoraizi. Inaingia picha ya ukurasa wa daftari, imepigwa giza, imemulikwa na tochi ya simu nyingine na kivuli cha mkono kimekatiza katikati ya swali, chini yake kaandika "shikamoo madam nimekwama hapa". Swali ni 2x² + 7x + 3. Mtoto kaigawa 7x vizuri tu, 6x na x, kaandika 2x² + 6x + x + 3, kwenye yale mawili ya mwanzo katoa 2x nje kapata 2x(x + 3), halafu kafika kwenye x + 3 ya mwisho kaona hamna cha kutoa nje, kaifuta. Jibu lake limeishia 2x(x + 3) na anajua kabisa sio, maana ukifungua mabano hairudi ilikotoka, ila haoni kosa liko wapi. Nikamzungushia pale kwa rangi nyekundu kwenye ile ile picha nikamrudishia na voisi, nikamwambia hiyo x + 3 usiifute, nje yake kuna 1 umeiacha, iandike hiyo 1 mbele yake uione kwa macho, sasa hapo una 2x za (x + 3) na una 1 ya (x + 3), zote kwa pamoja una ngapi za (x + 3)? Ikakaa kimya kama dakika mbili, naona tu anaandika, anaacha, anaandika. Ikaja (2x + 1)(x + 3). Na nyuma yake zikaanza kuja picha za wenzake, kumbe wengi walikuwa wameipoteza hiyo hiyo 1 na hakuna aliyesema.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, kipindi ni dakika 40. Naandika ubaoni, nauliza mmeelewa, wanaitika ndiyo madam kwa sauti moja, na siwezi kupita kwenye kila daftari nikaona ni nani kaifuta ile x + 3. Usiku kwenye simu naona. Hii ndo faida ambayo mimi naiamini kwenye kusoma mtandaoni na sijaiona ikiongelewa sana, watu wanaongelea mtoto kupata notsi, kupata video, kupata pasti pepa, lakini vitu vyote hivyo vinaenda upande mmoja tu kumfuata mtoto, hamna kinachorudi kwa mwalimu kikamwambia huyu kakwama hapa. Daftari lililopigwa picha linarudi.

Na sababu nyingine ya kung'ang'ania voisi ni bando. Voisi ya dakika tatu ya WhatsApp haifikishi hata MB 1, wakati video ya dakika kumi inaweza kula MB 50 na zaidi kutegemea umeifungua kwa ubora gani, sasa mzazi aliyenunua bando la mia tano ili aongee na wateja wake akikuta limeisha kwa video moja ya hesabu hiyo simu mtoto haishiki tena, na sitamlaumu. Voisi unaisikiliza hata ukirudia mara tano haikuli kitu maana imeshashuka. Halafu inakaa. Watoto wanazituma kwa wenzao wa shule nyingine, ile ya kufaktoraizi ilinirudia kutoka kwa mwalimu wa Korogwe akinishukuru kwamba watoto wake wameisikiliza. Na kuna hili la lugha pia, mtoto katoka darasa la saba kasoma miaka yote kwa Kiswahili, fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza, ukimpeleka YouTube akutane na mtu wa Marekani au India anayeongea haraka anaangalia tu midomo inavyochezacheza. Voisi yangu inamweleza kwa Kiswahili, jibu analiandika kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Wanaotengeneza masomo ya Kitanzania kwa mtaala wetu wapo, Shule Direct ya Faraja Nyalandu imeanza tangu 2013 na notsi zao zinafuata silabasi, na jirani zetu Kenya kuna Eneza ambao walitumia meseji za kawaida ili mwenye kitochi naye asome. Vitu vya namna hiyo ndo vinavyotakiwa viongezwe.

Nirudi kwa tableti sasa maana ndo ilikuwa swali. Kuna nchi ilishajaribu kugawa vifaa kwa wingi, Peru, waligawa laptopu za watoto karibu laki tisa, na 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa matokeo ya utafiti wa shule 319 za vijijini baada ya miezi 15, kwenye hesabu na lugha hawakuona tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa. Vifaa vilikuwepo, watoto walivitumia, ila masomo yalibaki pale pale.

Lakini sitaki mtu achukue hapo aseme basi vifaa ni bure, kwa sababu mkoa wetu huu huu wa Tanga ulitoa jibu lingine. Wengi wetu hata hapa hapa Tanga hatuongelei kabisa yale mashindano ya XPRIZE, ya kimataifa ya kutengeneza programu ya tableti ambayo mtoto anajifunza kusoma mwenyewe, na inaniuma maana dunia nzima wanaitaja Tanga. Waligawa tableti kwenye vijiji karibu 170, kwa watoto karibu elfu tatu ambao wengi hawakuwa shuleni, programu zote kwa Kiswahili na zinafanya kazi bila intaneti, chaji ni ya sola iliyowekwa pale pale kijijini. Mwanzoni asilimia 74 ya wale watoto walisemekana hawajawahi kwenda shule na zaidi ya asilimia 90 hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10, na programu zao zikaachwa wazi mtu yeyote azichukue.

Mi hapo naona vitu viwili. Kwanza ile programu ilimfuata mtoto alipo, kama hajui a, anaanza na a, hailazimishi awe sawa na mwenzie, na laptopu za Peru hazikuwa hivyo. Pili, ile nusu nyingine. Baada ya miezi 15 na tableti nzuri kabisa na programu zilizoshinda dunia, nusu ya waliokuwa hawasomi walikuwa bado hawasomi. Kuna mahali kifaa kinafika kinasimama, na hapo anahitajika mtu.

Na ushahidi wa mtu uko Botswana. 2020 hiyo hiyo shule zimefungwa, shirika moja la huko lililokuwa linaitwa Young 1ove, sasa ni Youth Impact, pamoja na mtafiti Noam Angrist na wenzake wakachukua familia kama 4,500 wakazigawa, kuna waliotumiwa meseji za hesabu kila wiki peke yake, kuna waliotumiwa meseji halafu wakapigiwa simu, simu ya kawaida tu hii ya kuongea, kwa dakika 15 hadi 20 kwa wiki, mwalimu anaongea na mzazi na mtoto wamewasha spika, wanafanya swali pamoja. Waliopata meseji peke yake hawakusogea vya maana. Waliopigiwa simu walisogea, na wakasogea zaidi pale mwalimu alipokuwa anampa mtoto swali la kiwango chake. Baadaye wakarudia India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, ikafanya kazi kote huko. Yaani kitochi. Hamna bando, hamna skrini, hamna pasiwedi. Nilivyosoma ile ripoti nilifurahi sana kwa sababu ndo kile ninachokiona saa tatu usiku, mtoto anabadilika pale anapojua kuna mtu upande wa pili anasubiri jibu lake.

Kwahiyo jibu langu kwa yule mzazi lilikuwa hivi, usinunue tableti kwanza. Nenda shuleni kaulize mwalimu gani yuko tayari kujibu maswali ya mtoto wako usiku, halafu mpe mwanao simu yako saa moja kwa siku, saa ile ile kila siku, ukae naye karibu. Tableti ukinunua baadaye sawa.

Na akiwa ni binti, hiyo saa moja uilinde. Hili naliona na nalisema kila kikao. Simu ikirudi nyumbani usiku anaishika kaka kwanza, dada anaosha vyombo, anabembeleza mdogo wao, anabandika maji ya kuoga baba, akimaliza ni saa nne na nusu, simu iko asilimia sita na kaka bado anaangalia mpira. Kwenye grupu langu picha za wavulana zinaanza kuingia saa tatu, za wasichana zinaanza saa nne kuendelea, na wengine wananiandikia "samahani madam nimechelewa" wakati hawajachelewa popote, walikuwa wanafanya kazi. Kuna mama mmoja baada ya kikao alibadilisha, akasema vyombo ataosha kijana siku zingine, na yule binti sasa hivi ndo anayewaelekeza wenzake kwenye grupu kabla mimi sijafungua simu. Sikumwongezea kitu chochote yule mtoto. Alipewa muda tu.

Upande wa walimu nao useme. Vishikwambi, yaani tableti, vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu na ni kitu kizuri, mimi silabasi na vitabu vyote vimo humo, sibebi tena mzigo. Lakini bando ni la kwangu, na muda wa usiku ni wa kwangu, na mwalimu mwenzangu ana watoto wadogo wawili hawezi kukaa kwenye simu mpaka saa tano, sasa tukisema elimu mtandao inakua inabidi tuulize inakua kwa mgongo wa nani. Kama mwalimu atahesabiwa vipindi vya mchana tu na vya usiku vikawa ni moyo wake, siku moyo ukichoka watoto wanabaki na grupu lililojaa stika za habari za asubuhi. Ningependa kuona posho ya bando kwa mwalimu, hata ndogo, na vile vipindi vya usiku vihesabiwe. Na makampuni ya simu nayo, Afrika Kusini 2020 walifungua tovuti za masomo zikawa hazikati data kabisa, mtoto anaingia na salio sifuri. Maktaba ya Taasisi ya Elimu ni ya umma, vitabu ni vya umma, ingependeza mtoto anayeishi Amani, huko milimani kwetu Muheza, akishapata huo mtandao wenyewe ambao unakuja na kuondoka, asikatwe hata senti kusoma kitabu cha fizikia.

Kuhusu simu shuleni, mwanafunzi haruhusiwi kuja nayo na mimi kwa mchana naunga mkono, nimeona inavyovuruga darasa. Ila basi shule iwe na kompyuta moja. Moja tu nzuri. Kuna programu inaitwa Kolibri, ni ya bure, unaiweka kwenye kompyuta au hata kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, unashusha masomo mara moja sehemu yenye intaneti, ukirudi nayo shuleni inagawa kwa waifai yake yenyewe bila intaneti na bila bando, vishikwambi vya walimu vinaungana humo watoto wanasoma kwa zamu maktaba. Umeme vijijini wa REA umefika shule nyingi sasa hivi, kwahiyo hili sio la kusubiri mkongo wa taifa wa intaneti ufike mlangoni. Na kama shule haina hata hiyo, memori kadi yenye voisi na PDF inazunguka vizuri tu, mimi vijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo pale stendi wananiwekea masomo kwenye kadi za wazazi.

Tahadhari mbili za haraka. Msimu wa mitihani ya NECTA yanatokea magrupu na chaneli za Telegram zinauza mitihani wanayosema imevuja, wazazi wanatuma pesa, ni utapeli, msitume. Na akili mnemba, watoto wameshaijua, swali linakuja asubuhi limefanywa safi kwa njia ambayo sijawahi kuifundisha. Mimi sipigi kelele, namuita mtoto ubaoni anifanyie jingine linalofanana, akiweza sawa kajifunza, asipoweza tunaanza upya wote wawili. Ndo maana nasisitiza picha ya daftari lenye mwandiko wake, na makosa yake, asifute.

Likizo ya Desemba nataka kujaribu ile ya Botswana, kuwapigia simu wale ambao kwao hamna simu janja kabisa, maana hao kwenye grupu langu hawapo na mara nyingi ndo wanaonihitaji zaidi. Nitaanza na kujumlisha na kutoa sehemu, kila mtoto kwa kiwango chake, mzazi akiwa pembeni. Walimu mnaofanya kitu kama hiki niambieni hapo chini mnapanga vipi muda, na hasa wa Kemia na Baiolojia, nyie michoro mnaielezaje kwa sauti tu? Kuna mwenzangu wa Baiolojia hapa shuleni amekwama kwenye mchoro wa moyo na tungependa kusikia mnafanyaje.